Mwenye Nyumba Awepo Siku ya Ukaguzi

Mtaa wa Gulbuloq, Bonde la Fergana, Uzbekistan
4 Machi 2023

Mdogo wangu Tohir,

Assalaam aleikum. Huku tunalala salama na kuamka salama, na katikati ya hapo tunakutaja. Mama hajambo, anakula. Juzi kamaliza bakuli zima la supu ya tambi, akauliza kama kuna nyingine. Mwanangu Nasiba bado yuko Navoiy kwa wakwe zake. Ananiambia mama mkwe anamsifu kwa kuamka mapema na kufagia. Nilicheka peke yangu jikoni, maana hapa kwetu alikuwa wa kuvutwa miguu. Theluji mwaka huu ilikaa siku mbili tu ikaaga. Wazee wanasema mfereji wa mtaa utakauka kabla forosadi hazijaiva.

Utauliza mbona barua na simu ipo. Tangu tulipogombana kwenye simu ile siku ya Idi, nimeona afadhali karatasi, kwa kuwa karatasi haimkatizi mtu maneno. Tursunali amemaliza likizo yake na anarudi huko kwenu kazini, kwa hiyo hii utaipata mkononi. Mkewe Hosiyat ni jirani wa ukuta mmoja, barua zikikwama posta tutazipitisha kwake.

Sasa jambo lenyewe. Halmashauri ya mji imetoa tangazo, na mzee wa mtaa alitukusanya akatusomea. Mwenye nyumba atakayeng'oa saruji na nyasi za kumwagiliwa uani kwake, akapanda vitu visivyotaka maji mengi, akalaza mipira ya maji inayodondosha matone na kufunika udongo kwa matandazo, atasamehewa kodi ya nyumba na kiwanja kwa miaka mitatu. Watu wote wakageuza shingo kunitazama mimi, maana ni nani mwingine mtaani mwenye nyasi za kumwagiliwa. Unakumbuka ulivyotutumia mbegu ukasema siku ya arusi yako wageni watakaa hapo. Hosiyat akasema mbele za watu, "Nyasi ambazo hata kondoo haruhusiwi kuzigusa, hizo si nyasi, hizo ni mwari." Walicheka mpaka mzee wa mtaa akagonga meza.

Mimi nataka tuziondoe. Maji hayapo, Tohir. Nainyima mikomamanga maji ili ninyweshe zulia.

Lakini kuna sharti. Siku ya ukaguzi, mwezi wa kumi, mwenye nyumba awepo mwenyewe, yule mwenye jina kwenye hati. Na unajua baba aliiandika kwa jina lako, mtoto wa kiume wa mwisho, kama ilivyo desturi yetu. Mimi hapa ni mjane niliyerudi nyumbani, sina sauti mbele ya mhuri. Asiyekuwepo na lake halipo. Basi jipange uje, hata kwa wiki mbili. Mama anakuuliza.

Dada yako,
Adolat

*

Korea, 2 Aprili 2023

Dada Adolat,

Waaleikum salaam. Tursunali alinipa barua yako pamoja na mkate wa tanuri ulioufunga kwenye kitambaa. Ulikuwa umekauka kama kigae. Niliuloweka kwenye chai nikaula wote, na makombo nikayaokota kwa kidole. Mimi mzima, nalala vizuri. Nisalimie Mama, mshike mkono wa kulia useme ni mkono wangu. Mti wetu wa aprikoti umechanua? Huku miti ya barabarani imechanua yote, watu wanaipiga picha, lakini hakuna anayengoja tunda.

Barua yako ilinichekesha, halafu ikaacha kunichekesha. Unajua kazi yangu. Tunaotesha nyasi shambani, zikishikana mizizi tunazikata vipande virefu, tunaviringisha kama mikeka, lori linakuja linachukua. Asubuhi shamba ni kijani mpaka mlimani, jioni ni udongo mtupu, na mimi nimesimama katikati. Nimezilaza kwenye nyua za watu nisiowajua majina. Zile za kwetu ndizo pekee nilizotaka zipandwe kwa ajili yangu, na nazo sijazikanyaga.

Nikwambie ndoto. Niliota nimelala juu yake, kwetu, kichwa upande wa mzabibu. Mtu akaanza kuniviringisha pamoja na nyasi, taratibu, wala hakuniumiza. Nikasikia lori linanguruma barabarani. Nikasema, ngojeni kwanza nimuage Mama. Sauti ikanijibu kwa Kiuzbeki safi kabisa, "Umeshamuaga." Nikaamka, mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa anakoroma.

Haya, ng'oeni. Ni nyasi tu. Ila mwambie Hosiyat kuwa mwari wangu ana heshima kuliko kondoo wake.

Kuhusu mwezi wa kumi, tutaona. Ndio msimu wetu wa kazi nyingi.

Mdogo wako,
Tohir

*

Gulbuloq, 11 Juni 2023

Tohir,

Salamu zetu zikukute huna homa wala huzuni. Mama anakula. Forosadi ziliiva, tukala mpaka vidole vikawa vyeusi, na mti wa aprikoti ulizaa kwa fujo, nusu nimeianika juu ya paa. Nasiba ana habari njema tumboni, usimwambie mtu bado.

Tumeziondoa. Majirani walikuja kwa ujima, wanaume na sururu zao, wanawake na mabeseni, nami nikapika pilau ya sufuria kubwa. Nyasi zako zilitoka kwa vipande, zikalia chini kwa chini kama kitambaa kinapochanwa. Hosiyat alizichukua zote akawapa kondoo wake. Wale kondoo walikula wamefumba macho, nakuapia. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu, anatazama. Kilipotoka kipande cha mwisho aliuliza, "Sasa Tohir atalala wapi?" Tukacheka sote.

Uani sasa kuna mikomamanga, mtini, mirihani, na yale maua ya zambarau wanayoyapenda nyuki. Mipira ya matone imelala chini yake. Ukiketi pale alfajiri, kabla magari hayajaanza, unasikia tone, halafu kimya kirefu, halafu tone, kama mtu anavuta tasbihi na usingizi unamchukua. Nimeanza kutoka nje mapema ili nikae nisikilize tu. Siwazi chochote. Nikishtuka jua liko ukutani na chai imepoa.

Vita vyangu ni matandazo. Tumefunika udongo kwa majani makavu na mabua ya pamba yaliyokatwakatwa, ili unyevu usitoroke. Sasa Mama na majani uani, wewe unamjua. Alipoletwa nyumba hii bibi arusi, aliamka kabla ya adhana, akanyunyiza maji, akafagia kuanzia kizingitini mpaka barabarani, na mtaa mzima ukajua nyumba ile imepata mke. Tangu siku hiyo hajaacha. Nikamwambia, "Mama, haya yaache, ndiyo blanketi la udongo."

Akanijibu, "Uchafu ukiupa jina zuri, mwanangu, bado ni uchafu."

"Ni amri ya watu wa kodi."

"Basi watu wa kodi hawakulelewa na mama zao."

Nimeuficha ufagio darini. Anautafuta kila asubuhi, kisha anasahau anatafuta nini, anarudi kukaa.

Hukunijibu kuhusu mwezi wa kumi. "Tutaona" si jibu, hilo ni neno la muuza duka asiyetaka kukopesha. Nimemwambia Mama unakuja.

Adolat

*

Korea, 28 Julai 2023

Dada,

Nimeipata yako. Nimefurahi sana kwa Nasiba, Mungu amvushe salama. Huku mvua haikatiki, tunalala na nguo mbichi, nyasi zinaota mpaka kwenye viatu vyetu. Nimemtumia Mama kitambaa cha kichwa cha rangi ya maji ya bahari. Mwambie avae siku ya Ijumaa.

Mwezi wa kumi sitaweza. Bosi hatoi ruhusa. Mwaka kesho inshallah. Usingemwambia kabla ya kuniuliza.

Umeandika "kisha anasahau anatafuta nini." Ulikuwa na maana gani?

Tohir

*

Gulbuloq, 17 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako. Mama anakula. Zabibu tumevuna, za kwetu mwaka huu ndogo lakini tamu mpaka zinakwaruza koo. Kitambaa kilifika, anakivaa mpaka kulala.

Mkaguzi alikuja. Kaa kitako nikusimulie, na ukicheka ucheke kwa adabu.

Anaitwa Bwana Ravshan, kijana mrefu, koti limemzidi mabegani. Alisema atafika saa nne. Mimi alfajiri nilikwenda sokoni kutafuta nyama, maana mgeni wa serikali humpi chai kavu. Narudi, namkuta yeye mlangoni kwetu, ameganda, kalamu mkononi. Nikachungulia.

Uani palikuwa peupe. Hapakuwa na jani, hapakuwa na bua. Udongo umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, umenyunyizwa maji, unanukia kama mvua ya kwanza. Mipira ya matone imekunjwa vizuri, imening'inizwa kwenye msumari wa mzabibu. Mama kasimama katikati, gauni jipya, kitambaa chako kichwani, mashavu yamemwiva kwa kazi. Tohir, alikuwa mzuri. Sijamwona vile tangu baba alipokuwa hai.

"Mama," nikamwambia, "ufagio umeutoa wapi?"

"Kwa Hosiyat. Wa kwetu kuna mtu kauficha, hataki mwanangu akute nyumba safi."

Bwana Ravshan akavua viatu, akakaa pale alipoonyeshwa, mahali pa heshima. Mama akamvunjia mkate wa moto. Akala kipande, akakohoa, akauliza kwa upole, "Bibi, yale matandazo mliyoyaandikisha yako wapi?"

"Yapi?"

"Majani, bibi. Na mabua."

"Ah, usione haya, nimeshayaondoa. Nimewashia tanuri." Akamsogezea sahani. "Huo unaokula ndio hayo hayo."

Yule kijana alitazama mkate, akanitazama mimi, akatazama karatasi yake. Nadhani hakukuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Akamaliza mkate. Ndipo Mama akainua shingo, akatazama nyuma ya bega lake kuelekea mlangoni, akauliza, "Mwenzako mbona haingii?"

"Mwenzangu nani, bibi?"

"Mwenye nyumba. Si mmefuatana?"

Bwana Ravshan alikunja karatasi polepole, akaniambia hawezi kupitisha udongo mtupu, lakini atarudi mwishoni mwa majira ya baridi, tuufunike tena. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango mpaka magharibi. Nikamwambia baridi. Akasema ukiingia ndani mtu akigonga hutasikia.

Basi msamaha umetupita kwa sasa, na mwenye nyumba hakuwepo. Furahi na bosi wako.

Adolat

*

Korea, 14 Novemba 2023

Dada Adolat,

Salamu kwa wote. Nimesoma barua yako ndani ya basi la kazini, nikacheka kwa sauti pale kwenye mkate, watu wakanigeukia. Halafu nikafika kwenye kigoda. Basi lilikuwa limejaa, nikageuza uso dirishani.

Nilimsomea Tursunali, kwa kuwa nilitaka kumwonyesha ninavyoonewa na serikali. Akaniuliza, "Sharti gani la mwenye nyumba kuwepo?" Anasema kwake ukaguzi ulipita wiki ile ile. Hosiyat akatia sahihi mwenyewe, na hakuna aliyeuliza mume yuko wapi. Yuko huku ana matope mpaka magotini, ndiko aliko.

Njia ya mwongo fupi, dada. Sharti umelitunga wewe. Kuanzia Machi unaniandikia sheria isiyokuwepo, nami nalala sipati usingizi nikifikiri nimeikosea halmashauri. Sijakasirika. Au nimekasirika kidogo, sijui. Usiku naota mtu ananiita kwa jina kamili kutoka kwenye orodha, na mimi mdomo umejaa nyasi siwezi kuitika.

Niambie kwa nini. Na usiniandikie tena kuwa Mama anakula. Hata kondoo wa Hosiyat wanakula. Niambie Mama yukoje.

Tohir

*

Gulbuloq, 5 Desemba 2023

Tohir mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Umeuliza, nakujibu.

Ile Idi, ulipokata simu kwa hasira, Mama aliigeuza simu akaangalia nyuma yake. Akaitikisa kidogo karibu na sikio. Akaniuliza umeingilia wapi na utatokea wapi. Ndiyo siku niliyoweka simu kabatini nikaanza kukuandikia.

Mama anapotea, taratibu, bila kelele. Siku nyingine mimi ni marehemu dada yake, ananiuliza kama mama yetu bado amekasirika. Siku nyingine ni Mama kamili na ananigombeza kwa chumvi. Jina lako halijamtoka. Analitaja asubuhi, mchana na jioni. Lakini sura inaondoka. Mwezi uliopita alisimama mbele ya picha yako ile ya ukutani, akaitazama sana, akasema kijana huyu ana macho mazuri, ni wa nani. Nikatoka nje nikalia kwenye mikomamanga, ndiyo, mimi Adolat unayeniita chuma.

Naogopa kitu kimoja tu. Naogopa utakuja siku moja umkute yupo, na wewe humo tena ndani yake. Kodi ningelipa, Tohir. Nashona, nauza aprikoti kavu, ningelipa. Lakini nilijua ukisikia unaitwa na Mama utasema mwaka kesho, na ukisikia unaitwa na serikali utaogopa. Kwa hiyo niliongeza mstari mmoja kwenye tangazo la watu. Nisamehe, au usinisamehe, ni sawa.

Ila nawe nyani huoni kundule. Hosiyat kaniambia. Anasema karatasi zako za kuishi huko zimekwisha muda mwaka wa pili huu, na ukitoka huko hawatakuruhusu kurudi. Hakuna bosi anayekunyima ruhusa. Ungeniambia, nisingekutukana kwenye ile ya Oktoba. Nilidhani umepata mwanamke huko, nikawa namchukia bure mtu asiyekuwepo.

Sasa sikiliza. Nasiba anajifungua mwezi wa pili, na ni uzazi wa kwanza, lazima nimkalie siku arobaini. Nyumba itabaki na Mama, na Hosiyat atalala naye. Sikuamuru. Najua kazi hiyo ndiyo iliyoweka paa hili na dawa zake. Nimekwambia yalivyo tu, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Dada yako,
Adolat

*

Gulbuloq, 28 Januari 2024

Tohir,

Hujajibu. Nasafiri kesho kwenda Navoiy, Nasiba kaanza kuvimba miguu. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii. Udongo tumeufunika upya kwa majani ya mzabibu. Nilimwambia Mama asifagie, akasema atafikiri.

Kama umekasirika, niandikie kuwa umekasirika.

Adolat

*

Gulbuloq, 25 Februari 2024

Dada Adolat,

Assalaam aleikum kwako, kwa Nasiba, na kwa huyo mgeni mdogo ambaye Hosiyat kaniambia ana nywele nyingi na hasira nyingi. Mungu amkuze.

Angalia hapo juu nilipoandikia. Ndiyo. Niko nyumbani siku ya kumi leo.

Barua yako ya Desemba niliisoma mara moja tu, sikuthubutu mara ya pili. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika "mwaka kesho" na mkono ukakataa. Nikaenda mwenyewe kwa wakubwa wao wa uhamiaji, nikasema mimi fulani, karatasi zangu zimekufa, nataka kwenda kwetu. Hawakunipiga wala hawakunitukana. Waligonga mhuri mwekundu kwenye karatasi wakanipa, nikaambiwa nisionekane tena huko kwa miaka. Siku ya mwisho shambani niliviringisha nyasi kama siku zote. Nilipomaliza nikajilaza kwenye udongo kidogo, wenzangu wakadhani nimechoka.

Nilifika asubuhi, ukungu umeshika mtaa, miti inaonekana nusu. Nilitembea kwa miguu kutoka kituoni, na kusema kweli sikuwa na hakika kama niko macho. Niligonga. Nilisikia viatu vyake vya mpira vinaburuta, nikavijua. Akafungua.

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Nimesimama na begi, koti la kazini limenizidi mabega, maana nimekonda, dada. Akatabasamu, tabasamu la wageni, akaweka mkono kifuani.

"Karibu, bwana wa kodi," akasema. "Safari hii sikufagia."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini alikuwa amefurahi sana, Adolat, alinishika mkono akaniingiza ndani kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu yeyote huko nilikotoka. Akanizungusha uani. Akanionyesha majani, akayainua kwa ncha ya kidole ili nione udongo ulivyo na unyevu chini yake. Akanionyesha mipira, akanyamaza, akaninyamazisha na mimi, tusikilize tone. Ukungu ulikuwa unaondoka juu ya mzabibu.

"Hapa katikati palikuwa na nyasi za mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Tumezing'oa. Hajui. Ukikutana naye usimwambie, atahuzunika."

"Sitamwambia."

Akanikalisha mahali pa heshima, akamimina chai nusu kikombe, kama mtu anayempenda mgeni na hataki aondoke upesi. Kisha akaniinamia. "Bwana, wewe ni mtu mzima, utanielewa. Kwenye karatasi yako msimwandike kuwa hayupo. Mkiandika hayupo atafutwa. Yuko njiani. Amechelewa tu, njia ni mbaya."

"Nitaandika yupo."

"Andika sasa hivi nione."

Sikuwa na karatasi nyingine ila ile ya mhuri mwekundu. Nikaigeuza upande usioandikwa, nikatoa kalamu. "Jina lake nani?" nikauliza. Dada, nilimuuliza mama yangu jina langu.

Akalisema lote, langu na la baba na la babu, hakukosea hata moja. Akasema nilizaliwa mwaka wa barafu kubwa. Akasema napenda ukoko wa pilau, na kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa naogopa kulala mpaka yeye aweke mkono wake juu ya mgongo wangu. Mimi mwenyewe hilo nilikuwa silijui. Niliandika yote. Herufi zimekwenda upande.

"Nimeandika, Mama," nikamwambia. "Yupo."

Akaninyooshea kidole, hakukasirika, alinikanya tu kama unavyomkanya mtoto wa jirani. "Usiniite Mama, bwana. Mwenyewe akifika akasikia, itamuuma."

Nikasema sawa, bibi.

Bwana Ravshan wa kweli alikuja juzi. Nilimsubiri nje nikamweleza mlangoni, akaondoka kwenda kukagua nyumba nyingine, akarudi jioni Mama anaswali, akatia sahihi akiwa amesimama. Msamaha tumeupata. Usiharakishe, mkalie Nasiba siku zake arobaini zote. Mimi kila asubuhi natoka kwa mlango wa nyuma, nazunguka, nagonga mbele, nakaribishwa. Mchana kutwa namwita bibi. Akishalala ndipo namwita Mama.

Mdogo wako,
Tohir